Mteremko Unaovuta Kushoto

Desemba 6, Jumamosi

Theluji inchi kumi na nne chini, ishirini na mbili kileleni. Tumefungua. Lifti ya viti ya kupandia mlimani imekwama mara mbili kabla ya saa nne asubuhi, kwa hiyo kila kitu kiko kama kawaida.

Huu ni msimu wangu wa thelathini na nane wa kufundisha watu ambao hawajawahi kuvaa skii, zile mbao za kutelezea thelujini, maishani mwao, na ndio wa mwisho. Magoti yamesema basi. Daktari naye amesema basi, ingawa yeye peke yake nisingemsikiliza. Daftari hili nimelinunua ili nisije nikakaa nyumbani mwakani nikidanganya watu jinsi mambo yalivyokuwa.

Kip Tollefson, meneja wetu, ametundika ramani mpya ukutani kwake. Kip nilimfundisha mimi akiwa na miaka minne, kamasi zikimgandia mdomoni. Leo ana arobaini na mmoja na funguo za mlima wote. Kwenye ramani kuna mstari wa kijani upande wa mashariki, mbali na njia za wenye mbio, na juu yake ameandika "Njia ya Arlys". Mstari huo niliuchora mimi, miaka kumi na mmoja iliyopita, kwenye karatasi ya kufutia mikono kule kantini. Nilipoliona jina langu limo nilijisingizia mafua nikatoka nje.

Desemba 9

Hakuna theluji mpya. Wanafunzi wawili, mmoja akalilia mama yake. Ana miaka thelathini na mitatu.

Desemba 13, Jumamosi

Nimempata mwanafunzi wa kunimaliza. Anaitwa Leland Pruitt, ana miaka hamsini na sita, dereva wa malori ya masafa marefu. Mjukuu wake anateleza tayari na yeye hataki kuachwa kantini akilinda makoti. Amelipia masomo ya msimu mzima, kila Jumamosi na Jumanne.

Nilimwonyesha mambo mawili tunayomwonyesha kila mtu. Ncha za skii zikikutana mbele, hiyo ni piza, unasimama. Skii zikilala sambamba, hizo ni chipsi, unakwenda.

"Kocha," akasema, "mimi nimesimamisha tani arobaini kwenye mlima wa barafu. Vijibao viwili vitanishinda?"

"Tani arobaini zilikuwa na breki."

"Na hivi breki yake iko wapi?"

"Breki ni wewe."

Akaanguka kabla hatujaanza. Kulia ameanguka mara tatu, kushoto mara tisa. Nimeandika kwa sababu nimehesabu.

Desemba 20

Watu wengi mno. Nieleze hapa mara moja halafu nisirudie. Wanaoanza tunawafundishia Uwanja Mdogo, palepale mbele ya kantini. Njia zote kutoka kileleni zinamalizikia hapo. Saa sita mchana wenye njaa wanashuka kama mawe, wanapita katikati ya wanafunzi wangu. Nimepiga kelele miaka thelathini na nane. Nimeomba uzio wa wavu, nimeomba njia za juu zifungwe saa ya chakula, nikaambiwa wateja watanuna. Ndiyo maana nikachora ule mstari.

Desemba 25

Nyuzi tisa chini ya sifuri. Nimepika bata mzinga nusu. Nimekula nusu ya hiyo nusu.

Januari 6, Jumanne

Leo amekuja Renata Quintana kutoka ofisi ya misitu. Mlima huu si wa Kip wala si wa kampuni yake, ni ardhi ya umma, na hata tawi halikatwi bila ofisi ya Renata kusema ndiyo. Amekuja na viatu vya kutembelea kwenye theluji, vile vipana, na begi la makaratasi. Mimi nilikuwa nikimwita binti wa makaratasi. Miaka minne amekuwa akihesabu viota, akipima chemchemi, huku sisi tunasubiri.

Amesema rasimu ya mpango wa njia yetu mpya iko tayari. Kuanzia wiki ijayo hadi Februari 12 mtu yeyote anaweza kuandika maoni yake, kisha atatoa uamuzi. Miti itakatwa kupanua uwanda, ila udongo hautaguswa hata kwa koleo, kwa sababu chini kuna chemchemi. Kip alikubali sharti hilo mbio mbio.

"Na maoni ya mdomo je?" nikamuuliza, maana mdomo ninao.

"Kwangu, ambacho hakijaandikwa hakijasemwa, mama. Na kila barua inawekwa wazi, na jina la mwandishi."

Januari 13

Leland kaanguka kushoto. Nimemwambia mguu wake wa kushoto umezoea kukanyaga klachi, unadhani kila kitu ni klachi. Ameicheka mpaka akaanguka tena, kushoto.

Januari 17, Jumamosi

Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Ni wikiendi ya sikukuu, maegesho yalijaa saa mbili na nusu. Nilikuwa na wanafunzi sita Uwanja Mdogo. Mmoja alikuwa mama aliyetoka Spokane na binti yake wa miaka saba, wote wawili siku ya kwanza. Mama alikuwa ameshika piza yake vizuri kabisa, amesimama, anageuka kumwonyesha binti yake kwamba amesimama. Ilikuwa saa sita na dakika kumi.

Kijana alitoka juu, mkubwa wa mwili, kichwa chini. Sikuona alivyoanza. Nilisikia tu sauti ya skii zake kwenye theluji ngumu, na sauti hiyo naijua, nikageuka nikiwa nimeshachelewa. Alimgonga mama yule chini ya goti. Mguu ulivunjika nikausikia. Kofia ngumu ya mama ilikwenda kusimama miguuni pa binti.

Waokoaji walifika upesi, dakika nne, wakamfunga kwenye machela. Kijana alikaa kwenye theluji analia, anasema hakumwona. Namwamini. Hakuna anayeona mtu kwa mwendo ule. Mtoto nilimchukua mimi kantini, Leland akamletea bakuli la supu ya maharage na nyama, akakaa naye akimhadithia jinsi lori lake lilivyowahi kubeba nyuki, na mtoto akala. Mimi sikuweza kula.

Jioni Kip alikaa kwenye ngazi za nyuma, uso umemshuka. "Tukiipata ile njia mpya," akasema, "hili halitokei tena."

"Tukiipata," nikasema.

"Tutaipata msimu ujao. Lifti yake imeshatengwa kiwandani. Barua kumi na moja zimekuja, zote zinaunga mkono. Arlys, hakuna mtu wa kuipinga."

Nilimshika bega. Nilimpenda sana saa ile, kama nilivyompenda alipokuwa na miaka minne.

Januari 20

Inchi nane mpya. Kip amepitisha mashine ya kusawazisha theluji kwenye ukanda mwembamba katikati ya njia mpya, pale ambapo tayari ni uwanda mtupu, na Renata amekubali tufundishie siku za kazi, kama majaribio. Mimi na Kip tuliuteremka wa kwanza. Laini, hauna kizuizi mbele, unakubeba polepole mpaka chini. Ndivyo nilivyouota. Nilimwambia, "Hapa hata kabati litajifunza."

Leland hakujifunza. Alitoka juu, akaenda, akaenda, halafu akaanza kuvutika kushoto mpaka akaingia kwenye vichaka vya ukingo wa korongo la kijito. Mara tatu. Nilimfokea.

"Kocha, mimi nakaa sawa. Ni hivi vitu vinavyokwenda."

"Vitu haviendi, Leland. Wewe ndiye unayekwenda."

Januari 27

Kushoto tena. Mara nne. Nimemfunga utepe mwekundu kwenye goti la kulia ili akumbuke ana miguu miwili.

Januari 31

Mvua juu ya theluji. Uchafu mtupu. Wateja wamekunywa kahawa na kunilaumu mimi kwa mvua.

Februari 3, Jumanne

Renata alikuja kuangalia ukanda wa mashine. Baada ya kumaliza kupima akanivuta pembeni, anaona aibu.

"Mama, nimeandika kurasa mia mbili kuhusu wanaoanza kuteleza, na sijawahi kuteleza. Nimekulia jangwani. Ningependa kujaribu mara moja tu."

Nilimwazima viatu na skii. Ni msikivu, huyo si Leland. Alikunja piza nzuri. Akatoka juu polepole, mgongo sawa, mikono mbele, kila kitu nilichomwambia alikifanya. Na akavutika kushoto. Akaingia kwenye vichaka vilevile, pale pale Leland alipokuwa ameacha shimo lake la asubuhi.

Leland alifurahi kupindukia. "Karibu, ofisa! Hapa kwangu ni pazuri, ila hakuna sofa."

Wote wawili walicheka. Mimi nilikuwa natazama yale mashimo mawili. Renata hajawahi kuendesha lori. Gari lake halina hata klachi.

Februari 4

Sikulala vizuri. Asubuhi kabla ya kufungua nimekwenda na sinia la kantini, lile la plastiki la kubebea chakula. Nimelilaza kwenye theluji kule juu ya njia, nimeliachia. Halikuwa na mtu wala mguu wa kushoto. Limeshuka, limeanza kupinda, limeingia vichakani. Nimepanda nikaliachia tena. Mara tano. Mara tano limekwenda kulekule.

Halafu nikashuka mwenyewe kwa skii, polepole mno, nikijisikiliza. Na nikasikia. Kiuno changu kinaegemea kulia. Kidogo tu, kidole kimoja, na mguu wa kushoto unakaza. Sikuuambia ukaze. Nimeteleza tangu nikiwa na miaka mitatu na mwili wangu hauniombi ruhusa. Kip naye vivyo hivyo, na mchoraji ramani wa kampuni, na kila aliyekuja kusifia. Tumeijaribu njia ya wanaoanza mara mia na hatukumtuma anayeanza hata mmoja.

Uwanda wote unainama kuelekea korongo. Desemba, kabla theluji haijajaa, mle ndani ni mawe na maji. Na Leland nimemfokea wiki mbili.

Nimekosea mimi. Si ramani, si Kip. Mstari ni wa kwangu.

Februari 5, Alhamisi

Nimemwambia Kip. Nilikwenda na sinia.

Alilitazama. "Watu wawili na sinia," akasema. "Huo ndio ushahidi wako?"

"Njoo ulione likishuka."

"Tutasawazisha."

"Kwa kitu gani? Udongo haugusiki. Umetia sahihi."

"Basi kwa theluji. Mashine itajaza upande wa kushoto."

"Desemba theluji ya kujaza utaitoa wapi? Nyumbani kwako?"

Akafunga mlango. Alipoanza kusema hakupaza sauti, na ningependelea apaze. "Sikiliza, Arlys. Ukiandika barua, lazima Renata aijibu. Akiijibu, lazima mstari uhamie kulia, kwenye ile misonobari minene ya zamani. Hiyo haikatwi mpaka ndege wamalize viota. Lifti inakwenda kwa mtu mwingine. Tunapoteza msimu mzima, pengine miwili. Na msimu mzima huo watu watajifunzia wapi? Pale Uwanja Mdogo. Unataka mguu mwingine uvunjike? Utausikiliza wewe?"

Alichosema ni kweli tupu.

"Wewe hutakuwepo," akasema, polepole. "Mimi ndiye nitakayekuwepo." Halafu akaomba radhi. Halafu akasema tena nisiandike.

Februari 6

Inchi tatu.

Februari 7

Leland ameniuliza kama naumwa. Nimemwambia magoti.

Februari 8

Inchi moja. Sijaandika barua.

Februari 10, Jumanne

Leland, kushoto, vichakani. Amejitoa mwenyewe, akanijia amejaa theluji mpaka masikioni. "Najua, najua," akasema, "ni mimi." Alisema kwa uchovu, bila mzaha. Nimemtazama mtu mzima aliyeendesha gari nusu ya maisha yake bila ajali akiamini kwamba ana kasoro, kwa sababu mimi nimemwambia hivyo.

"Si wewe," nikasema. "Ni mlima. Na mimi."

Hakuelewa mara moja, nikamweleza yote, na habari ya sinia. Akajipangusa theluji masikioni, akasema, "Kwa hiyo wiki zote hizi nilikuwa nateleza sawasawa?"

"Ulikuwa unateleza sawasawa kabisa."

"Utepe nivue?"

"Vua."

Februari 11

Nimeandika barua, kwa mkono, kurasa mbili. Inaanza hivi: "Mimi ndiye niliyechora njia hii. Nimefundisha hapa miaka thelathini na nane na nimekosea." Nimetaja sinia, vichaka, korongo, Leland na Renata mwenyewe. Nimeandika pia kwamba Uwanja Mdogo ni wa hatari na kila mwezi wa kuchelewa una hatari yake, na kwamba hilo nalijua ninapotia sahihi.

Februari 12, Alhamisi

Nimeifikisha saa kumi jioni, saa moja kabla ya mwisho. Renata ameigonga muhuri. Ni barua namba thelathini na moja, na ndiyo pekee inayopinga. Aliisoma mbele yangu, akanikorogea kahawa mbaya kuliko zote nilizowahi kunywa. Tukainywa.

Februari 14

Barua imeshawekwa wazi. Kip amenipita mlangoni bila salamu. Vijana wa lifti wamenyamaza nilipoingia. Mmoja, ambaye dada yake anafanya kazi kantini, ameniuliza kwa nini nawanyima watu ajira. Nimekula garini.

Februari 17

Kip hajasema neno.

Februari 21

Kip hajasema neno. Inchi kumi na moja, theluji kavu safi, na sikufurahi hata kidogo. Nimeandika kwa sababu haijawahi kutokea.

Februari 24, Jumanne

Nimefika mapema. Kwenye njia mpya kuna alama mbichi ya sinia, pana, imedidimia, ya mtu mzima aliyekaa juu yake. Imetoka juu, imepinda, imeingia vichakani. Ziko tatu. Nyayo za buti zinazopanda ni za Kip, hakuna mwingine hapa mwenye miguu mikubwa vile, na kwenye theluji alipotua mara ya tatu aliacha kalamu yake.

Nimemwekea kalamu mezani. Hakuuliza nimeipata wapi.

Februari 28, Jumamosi

Nimefika Uwanja Mdogo nimekuta wavu. Wa rangi ya machungwa, umezunguka eneo lote la wanaoanza, na njia mbili za juu zimefungwa kuanzia saa tano na nusu hadi saa nane. Wenye mbio wamenuna, wamepanga foleni ofisini kulalamika. Kip alikuwa mlangoni akiwasikiliza mmoja mmoja. Nilipopita akasema, "Uliomba tangu lini?"

"Tangu hujang'oa meno ya utoto."

"Ningefanya hata bila barua yako."

"Usingefanya."

Akafikiri. "Nisingefanya," akasema.

Machi 10

Leland ameweza kugeuka kulia na kushoto ndani ya wavu. Mjukuu wake alishangilia. Leland akapungia watu mkono kama mgombea, akaanguka.

Machi 24, Jumanne

Uamuzi umetoka. Mstari unahamia kulia. Misonobari kumi na mmoja itakatwa, lakini Septemba, viota vikishakuwa vitupu. Lifti imekwenda kwa mlima mwingine na Kip ataanza upya kuomba. Njia haitafunguliwa msimu ujao, ni ule unaofuata. Kwenye karatasi haina jina la mtu, inaitwa Mbadala wa Pili.

Nimesoma mara mbili nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Sitafundisha kwenye njia hiyo hata siku moja. Nilijua, lakini kujua na kusoma si kitu kimoja. Nimelia kidogo. Halafu nikaenda kufundisha watoto wanne wa mji wa Coeur d'Alene ambao hawakujali.

Aprili 4, Jumamosi

Theluji inalainika, kesho tunafunga. Renata ametaka katikati ya njia mpya pawekewe alama sasa, theluji ingalipo. Amekuja yeye, na Kip na mzigo wa mianzi begani, na wote wawili wakanigeukia mimi nionyeshe.

"Si mimi," nikasema. "Wala si wewe Kip. Sisi hatufai. Mwili wangu utawadanganya tena bila kuniambia."

Kwa hiyo tumemwita Leland. Nilimwambia asifanye lolote la ujanja, akunje piza ndogo, aache mlima umpeleke. Kip atafuata nyuma kwa miguu akichomeka mwanzi pale Leland anapopita sawa. Na mimi nikae chini, nifunge mdomo. Leland alisema hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Kip akacheka, mara ya kwanza mbele yangu tangu Februari.

Safari ya kwanza alivutika kushoto. Kip akang'oa mianzi, wakapanda, wakaanzia kulia zaidi, hatua kumi. Ya pili, kushoto, lakini chini zaidi. Ya tatu alikwenda kulia mpaka kwenye msonobari, akaukumbatia, akauomba samahani. Mara zote nilikuwa na la kumwambia. Mikono juu, Leland. Tazama mbele, Leland. Nilimeza yote. Renata alisimama kando yangu na daftari lake, akanitupia jicho, akanipa kipande cha biskuti, nadhani ili kinywa kiwe na kazi.

Ya nne alitoka juu. Alikuja mikono imetanuka kama amebeba friji, mdomo wazi, na mlima haukumvuta huku wala kule. Nyuma yake Kip anapiga hatua, anachomeka, anapiga hatua, anachomeka. Leland alipita msonobari wa mwisho, akapita uwanda, akapunguza mwendo peke yake pale ardhi inapolala, akasimama mbele yangu. Nyuma yake mianzi ilikuwa mstari mmoja mpaka juu.

Alikuwa anahema. Akaniinulia uso, kama wanavyofanya wote, kusubiri.

"Haya, Kocha. Nimekosea wapi?"

Nilitafuta. Nilimtazama kuanzia kofia hadi buti, nikautazama mstari wote hadi kileleni. Hapakuwa na kitu. Kip alikuwa amesimama katikati ya mteremko, mianzi mitatu bado mkononi, naye anasubiri kusikia.

"Rudi juu," nikamwambia. "Ufanye hivyohivyo tena."